Anga lililopauka: ulifufue au uweke jingine?

Ulisimama pale mawingu yamejaa, upande mmoja meusi, upande mwingine yamepakwa dhahabu na jua, ukabonyeza kitufe. Umefika nyumbani, umefungua picha: milima ipo, miti ipo, ila juu yake pametandikwa kitu kama shuka jeupe. Hapo wengi hukimbilia zana ya kubadilisha anga, wakabandika machweo yaliyopigwa mahali pengine kabisa, na picha ikaharibika mara ya pili.

Nimehariri picha za mandhari kwa miaka, na ninaloliamini kuliko yote ni hili: kabla ya kuuliza utumie programu gani, jua anga lako limepauka kwa namna gani. Lipo anga lililofichika na lipo anga lililopotea. Dawa ya moja haimtibu mwenzake. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye picha yenyewe; programu zitakuja mwishoni.

Pima kwanza

Jicho linapotazama mandhari halitulii mahali pamoja. Likipanda mawinguni mboni hubana, likishuka vivulini mboni hufunguka, na ubongo huunganisha yote kana kwamba uliyaona kwa mara moja. Kamera hupokea mwanga kwa kipimo kimoja tu. Ukipima kwa ajili ya ardhi, anga linalong'aa mara kadhaa zaidi hugonga dari ya kipimo hicho na kutoka jeupe tupu.

Fungua histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha umejaa wapi, giza kushoto na mwanga kulia. Ikiwa imerundikana ukutani upande wa kulia, washa onyo la mwanga uliopitiliza, ambalo katika programu nyingi hupaka rangi kali sehemu zilizoungua, uone ni eneo gani. Kisha fanya jaribio ambalo mimi hulifanya kwa kila picha: teremsha mwangaza wa picha nzima kwa stopu mbili, yaani ubakize robo ya mwanga. Ardhi itakuwa nyeusi, iache. Tazama juu. Yakijitokeza mawingu, hata kwa mbali, anga lako lipo. Ukiona kijivu kimoja tambarare, ama kamera ilipoteza kila kitu, ama siku hiyo mawingu yenyewe yalikuwa blanketi lisilo na umbo na hapakuwa na cha kunasa. Kwa anayetaka kufufua, hali hizi mbili ni sawa: hakuna cha kufufua. Kwa anayetaka kubadilisha zinatofautiana mno, na nitarudi hapo.

Aina ya faili ina uzito mkubwa hapa. JPEG, picha ya kawaida ambayo kamera imeshaikamilisha na kuibana, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijapikwa, likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukilivuta anga la JPEG kwa nguvu, zile ngazi chache hutawanyika na macho huanza kuona mistari, rangi ikishuka kama ngazi za nyumba badala ya kuyeyuka taratibu. RAW huvumilia mvuto huo, na mara nyingi huwa na mwanga wa ziada ambao JPEG iliyotengenezwa na kamera ileile ilishautupa. Hata hivyo RAW nayo ina dari. Kila eneo dogo la picha lina vipimo vitatu, nyekundu, kijani na buluu. Kikigonga dari kimoja, programu inaweza kukikisia kwa msaada wa viwili vilivyobaki, ingawa rangi huweza kuyumba. Vikigonga vyote vitatu, kitelezi (kile kidude cha programu unachosogeza kuongeza au kupunguza) utakachoshusha kitakupa kijivu tu, na kijivu si wingu.

Njia tatu za kufufua, na tofauti zake

Ya kwanza ni kuhariri picha nzima: kushusha sehemu angavu, kuongeza utofauti wa mwanga na giza, au kukoleza buluu. Ni ya haraka, na kwa picha ambayo anga lake limepauka kidogo tu inatosha. Kasoro yake ni kwamba programu haijui lipi ni anga. Ukuta mweupe, theluji, povu la maporomoko, vyote hushushwa pamoja na mawingu. Kile kitelezi cha kufanya rangi ya buluu iwe nzito huvutia sana kwa mara ya kwanza, na ndicho huzalisha chenga nyingi, yaani vidoadoa vya mchanga-mchanga, na utepe wa ajabu pembezoni mwa milima. Kwenye anga la kijivu hakifanyi lolote, maana hakuna buluu ya kushika.

Ya pili ni kivuli cha mteremko: giza linaloanza juu ya picha na kufifia kadiri linavyoshuka. Huiga kile kichujio cha kioo ambacho wapigapicha wa mandhari hufunga mbele ya lenzi, nusu cheusi na nusu safi. Nakipenda kwa sababu kinaheshimu maumbile. Siku ya anga safi, buluu huwa nzito juu ya kichwa na nyepesi karibu na upeo wa macho, kwa kuwa huko chini mwanga umepita kwenye hewa nene zaidi. Kivuli cha mteremko hufuata mpangilio huohuo. Tatizo lake ni mstari ulionyooka. Baharini au kwenye tambarare ni kamili. Penye kilele cha mlima, mnara au mti mrefu, kitu hicho hutiwa giza nusu, shina likang'aa na matawi yakawa meusi kama makaa.

Ya tatu ni maski ya anga, ambapo programu yenyewe hutambua anga na kulitenga. Lightroom, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe, ilipata uwezo huo Oktoba 2021, na tangu hapo kazi iliyokuwa ikinila saa nzima kwa brashi huisha kwa mbofyo mmoja. Hufuata mgongo wa mlima vizuri. Hukosea kwenye vitundu vya anga vilivyo katikati ya majani, kwenye nyaya, na mahali ambapo ukungu unaunganisha mlima na mawingu. Tena ina kosa lisiloonekana haraka: hulitia giza anga lote kwa kiwango kimoja, juu na chini sawasawa. Matokeo yake upeo wa macho, uliopaswa kuwa na mwanga, unakuwa mzito, na mtazamaji huhisi kitu hakijakaa sawa hata asipoweza kukitaja.

Nikilazimika kuchagua moja kati ya hizo tatu, nachagua maski. Ila sichagui moja. Chukua maski ya anga, kisha uikatishe na kivuli cha mteremko, ili giza liguse tu pale ambapo zote mbili zinakutana. Mlima unabaki salama kwa sababu ya maski, na upeo wa macho unabaki mwepesi kwa sababu ya mteremko. Kama kuna jambo moja katika makala hii ningependa ulijaribu leo, ni hilo.

Ndani ya maski hiyo, anza na mwangaza: shusha nusu stopu, halafu simama utazame. Ongeza utofauti. Kitelezi cha kuondoa ukungu kiwe cha mwisho, na kwa mkono mwepesi. Lightroom ilikileta 2015, na kimeokoa mawingu mengi, lakini kazi yake si mawingu peke yake: hukoleza rangi, hutia giza, huamsha chenga, na hufichua kila doa la vumbi lililoganda kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ukikitumia, kuza picha hadi asilimia 100 na utembelee anga zima kipande kwa kipande kusafisha madoa hayo. Kwa JPEG nakishauri mara chache sana.

Kuunganisha picha mbili au tatu

Njia hii huamuliwa ukiwa bado umesimama mbele ya mandhari. Unapiga picha ya kawaida, nyingine ya giza kwa stopu mbili, na pengine ya tatu yenye mwanga zaidi kwa stopu mbili, kamera ikiwa imetulia kwenye tripodi, kile kisimamio cha miguu mitatu. Ya giza ina mawingu, ya mwanga ina ardhi. Anga unalolipata ni lile lile ulilolitazama, dakika ile ile, na hakuna njia nyingine inayokupa hilo wakati anga na ardhi vimepishana mno kwa mwanga.

Hapa kuna uchaguzi ndani ya uchaguzi. Kuunganisha kiotomatiki ni rahisi, na programu za sasa hutoa faili unaloweza kuendelea kulihariri kama RAW. Kuunganisha kwa mkono, picha moja juu ya nyingine kwa leya (tabaka za picha zinazolaliana) na maski, huchukua muda lakini hukuachia uamuzi wa kila kona. Upepo ukiwa mkali naenda kwa mkono. Majani yaliyotikisika kati ya picha moja na nyingine huzua vivuli maradufu, na programu huchagua kipande cha hapa na cha pale mpaka mti unaonekana umeshonwa viraka.

Je, bado ina haja siku hizi? Kwa sensa nyingi za kisasa, picha moja ya RAW iliyopigwa kwa kulinda anga, ardhi ikiwa na giza, inaweza kuinuliwa vivuli vyake bila aibu. Utalipa kwa chenga kidogo kwenye vivuli. Mimi hulipa gharama hiyo kwa moyo mweupe penye upepo, au ninapopiga bila tripodi. Lakini jua likiwa ndani ya fremu, picha tatu hazina mbadala.

Kuweka anga jingine

Wapo wanaoona jambo hili ni udanganyifu ulioletwa na kompyuta. Kumbe lina umri karibu sawa na picha zenyewe. Katika miaka ya 1850 kemikali za vioo vya kupigia picha ziliguswa mno na mwanga wa buluu, hivyo anga liliungua kabla bahari haijatokea. Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari kwenye kioo kimoja, anga kwenye kingine, akazichapa pamoja. Baadhi ya picha zake za bahari zimetengenezwa hivyo, na bado zinasifiwa. Tofauti ni kasi. Programu ya Luminar 4 ilileta ubadilishaji wa kiotomatiki mwishoni mwa 2019, Photoshop ikafuata Oktoba 2020, na sasa kazi ya siku nzima ni ya sekunde chache.

Kwa anga lililopotea kabisa, ndiyo njia pekee itakayokupa mawingu. Sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na namna inavyofanywa, kwa sababu anga si pambo la ukutani. Anga ndiyo taa iliyomulika kila kitu kilicho chini yake. Ukibadilisha taa na kuacha vivuli vya taa ya zamani, picha inajipinga.

Niliwahi kupiga ziwa asubuhi ya mawingu mazito, anga likatoka jeupe. Nikaweka mapambazuko mekundu, nikaridhika nayo, nikaichapisha kwa ukubwa. Rafiki yangu asiyejua lolote kuhusu kamera akaitazama kitambo, kisha akauliza, "Hili jua mbona haligusi maji?" Alikuwa amemaliza. Maji yalikuwa ya kijivu, mawe hayakuwa na kivuli, na juu yake kulikuwa na moto. Tangu siku hiyo nina maswali ninayoyapitia kabla ya kukubali anga lolote jipya.

Vivuli vya ardhini vinaelekea wapi, na ni vikali au laini? Hapa ndipo zile hali mbili za mwanzo zinapoachana. Ikiwa anga liliungua siku ya jua kali, ardhi ina vivuli vyenye kingo, na itapokea anga la buluu lenye mawingu ya pamba. Ikiwa lilikuwa blanketi, ardhi haina vivuli, na inachoweza kubeba kwa ukweli ni anga jingine la mawingu, lenye umbo zaidi. Ukiipa ardhi hiyo jua, umeikosea.

Mawingu yamepangika vipi kuelekea upeo wa macho? Ukitazama mbali, mawingu hupungua na kubanana kadiri yanavyokaribia ardhi. Anga lililopigwa kamera ikielekea juu halina kupungua huko, na likiwekwa nyuma ya milima huonekana kama pazia lililotundikwa.

Lenzi zinalingana? Jua lenyewe lina upana wa nusu digrii hivi angani. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye sensa yenye upana wa milimita 36, jua huchukua chini ya sehemu moja ya 150 ya upana wa picha. Kwa lenzi ya milimita 200 ni karibu sehemu moja ya 20. Ukiona bonde pana lote limeingia kwenye fremu na juu yake jua kubwa kama sinia, ujue vimetoka kwenye lenzi mbili.

Na maji? Kama kuna ziwa, mto au dimbwi, anga jipya lazima lirudi humo, limepinduliwa na lenye giza kidogo kuliko la juu, maana maji hayarudishi mwanga wote. Toleo la kwanza la zana ya Photoshop halikuwa na habari na maji. Kazi hiyo ilibaki ya mkono. Luminar ya baadaye huweka taswira hiyo yenyewe, na kwa maji yaliyotulia hufanya vizuri. Kwa maji yenye mawimbi madogo, nyoosha taswira kwa urefu na uififishe.

Kiotomatiki au kwa mkono? Kiotomatiki ina faida moja ambayo wengi hawaithamini: hupaka ardhi rangi ya anga jipya kidogo, jambo linalosaidia mno kupatanisha viwili. Udhaifu wake ni matawi. Kwa mkono kuna ujanja wa zamani unaoshinda maski yoyote kwenye miti, mradi anga la asili liwe jeupe: weka anga jipya juu kama leya, kisha badili hali ya leya iwe ya kuzidisha. Nyeupe ikizidishwa na wingu hutoa wingu, nyeusi ya tawi ikizidishwa na wingu hubaki nyeusi. Kila kijitawi kinajitenga chenyewe bila brashi. Baada ya hapo unafuta anga jipya lilipofunika ardhi, na kwa kuwa ardhi ina mpaka mpana, maski ya kawaida inatosha.

Tumia anga ulizopiga mwenyewe. Kila ninapokutana na mawingu mazuri mahali pasipo na mandhari, nayapiga, kamera ikitazama upeo wa macho, nikaandika saa na urefu wa lenzi. Anga zilizokuja na programu zimetumika na watu wengi mno. Nimeshaona wingu moja juu ya jangwa na juu ya theluji.

Kama picha ni ya habari, swali halipo: usibadilishe. World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, haikubali kuongezwa wala kuondolewa kitu ndani ya picha, na mashindano mengi ya picha za asili yana msimamo kama huo. Kwingineko, ukiulizwa, sema.

Kuliacha lilivyo

Njia hii husahaulika. Kata picha ili anga libaki ukanda mwembamba au litoke kabisa. Mwanga wa siku ya blanketi ni mzuri kwa misitu, mawe na maporomoko, na picha hizo hazihitaji anga. Au igeuze iwe nyeusi na nyeupe: kijivu chenye umbo dogo, kilichokuwa kibaya kwa rangi, hupata uzito kikikuzwa utofauti wake. Likiwa halina umbo hata kidogo, hilo nalo halitasaidia.

Programu, kwa ufupi

Lightroom inatosha kwa kufufua na kwa kuunganisha picha kadhaa, na ndiyo ningempa anayehariri picha nyingi kwa mara moja. Haina mpango wa leya, hivyo kwa kuweka anga jingine kwa mkono utahitaji Photoshop. Zote mbili hulipiwa kwa usajili. Luminar ni kwa anayetaka kubadilisha anga haraka na hana hamu ya kujifunza leya. Ubaya wake ni kwamba inakushawishi uzidishe, kila kitelezi kikisogea kidogo anga linalipuka.

Asiyetaka kulipa hajaachwa nyuma hata kidogo. darktable na GIMP ni bure, na zinafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. darktable ina kivuli cha mteremko, kuondoa ukungu, na maski zinazochagua kwa kiwango cha mwanga au rangi, ambazo kwenye anga angavu juu ya ardhi yenye giza zina usahihi wa kushangaza. Zinadai subira wiki za mwanzo. GIMP ina leya, maski na ile hali ya kuzidisha. Ujanja wa matawi niliutumia humo kwa mara ya kwanza. Kwenye simu, Snapseed ni bure na hufungua hata RAW za aina ya DNG. Kwa kufufua anga lililofichika kidogo inafaa, ila ule mtindo wake wa kuigiza HDR, yaani kuunganisha picha za mwanga tofauti, uuache: hutia utepe mweupe kuzunguka kila mlima.

Programu yoyote utakayotumia, ukimaliza ifunge picha, ulale, uifungue asubuhi ikiwa ndogo kama kiganja. Jicho likienda angani kwanza na kukwama huko, rudisha kila kitelezi nyuma kwa theluthi moja, kisha itazame tena.